Kapita Iko Mugonjwa

Ninyi wenzangu wa bekari mmeniuliza sana, mmoja mmoja, na kila niliyemwanzishia habari kwa mwisho wake alicheka mpaka akajishika mbavu. Nimechoka kuchekwa. Naandika safari yote tangu mwanzo, msomeane wakati unga unaumuka, halafu mwenye kutaka kucheka acheke akiwa ameshajua nilikopita.

Kwa wale wageni wa zamu ya jioni: mimi ni Furaha. Nilizaliwa Masisi, upande wa Kongo, nikakulia Gisenyi baada ya wazazi wangu kurudi Rwanda, kisha Baba Tumaini akanioa akanileta hapa Morogoro. Gisenyi nilimwacha mama yangu, mdogo wangu Janvier ambaye anavusha viazi na vitunguu kwenda Goma, na mbwa anayeitwa Kapita. Kapita kwa Kiswahili cha kwetu ni msimamizi wa vibarua. Tulimwita hivyo kwa sababu tangu mdogo alikuwa anakaa mlangoni akiangalia watu wanavyofanya kazi, yeye mwenyewe hanyanyui hata unyayo. Mbwa huyo alikuwa wangu. Nilimwokota Nyundo, kitongoji cha jirani, nikiwa mwanafunzi, nikamleta nyumbani ndani ya sweta, mama akapiga kelele siku nzima kwamba nyumba yake si zizi, na siku ya pili nikamkuta anamkorogea uji.

Sasa, asubuhi moja Janvier akanitumia ujumbe: "Kapita iko mugonjwa sana. Mama anasema ukuye," yaani uje.

Hapo ndipo mambo yote yalipoharibika. Mnajua wenyewe kwamba habari ya kifo haisemwi kwenye simu. Mtu aliye mbali huambiwa jambo dogo ili apande basi akiwa na akili zake, na kubwa atalikuta mbele. Baba yangu alipofariki niliambiwa ana malaria kidogo. Nikasafiri nimembebea asali na dawa, nikafika nikakuta maua ya kaburini yameanza kunyauka. Kwa hiyo niliposoma kwamba naitwa kutoka Morogoro mpaka Gisenyi, nchi mbili, kwa ajili ya mbwa, mimi sikumwona mbwa hapo. Nilimwona mama.

Nikapiga simu yake, imezimwa. Nikampigia Janvier.

"Mama yuko wapi?"

"Mama? Iko hapo."

"Hapo wapi? Mpe simu niongee naye."

"Saa hii hawezi, Furaha. We ukuye tu."

Hawezi! Mtoto yule tumezaliwa tumbo moja lakini kuongea naye ni sawa na kuchota maji kwa chekeche. Baba Tumaini alisoma ule ujumbe, akakaa kitandani, kisha akaanza kunifungia begi bila kuuliza swali. Na ninyi msijifanye hamkumbuki. Ni ninyi mliosimama getini mkiniaga kwa nyuso za msibani, na mmoja wenu akaniambia nijikaze kwa ajili ya mtoto.

Morogoro hadi Singida

Basi la Kigali lilitoka Dar likiwa limechelewa, likafika Morogoro limechelewa zaidi, na kondakta akatuhimiza sisi tuliokuwa tunasubiri tufanye haraka eti tunamchelewesha. Nikawekwa kiti kimoja na Mama Salome, mfanyabiashara wa mchele wa Kahama, mama mnene mwenye roho nzuri na sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Hatujafika Dumila ameshajua jina langu, mume wangu, kanisa langu na bei ya unga bekari.

"Na huko kwenu unaendea nini, mwanangu?"

Nikasema kweli. "Nimeambiwa mbwa anaumwa."

"Mbwa?"

"Mbwa."

Akaufunga mfuko wa karanga aliokuwa anakula. "Mimi waliniambia mjomba ameteleza bafuni," akasema. Kisha akanishika mkono na hakuuachia mpaka Dodoma. Joto lile, na mkono wenyewe una jasho, na mimi nahitaji kujikuna pua.

Dodoma alishuka kwenda kujisaidia, na katika hiyo safari fupi ya chooni akawa ameshamwambia kondakta, abiria wa mbele na mama muuza maji. Tulipoondoka dereva akazima muziki. Kondakta akasimama katikati ya basi akatangaza kwamba tuna dada yetu humu anakwenda kumzika mama yake mzazi. Kumzika! Mimi nilisema mbwa. Kabla sijafungua mdomo, kijana mmoja wa nyuma alianzisha pambio, na nani anayeweza kukatiza pambio? Waliimba mpaka Manyoni. Kati ya nyimbo zile nilijiambia labda watu hawa wameona jambo ambalo mimi naogopa kuliona, na nikaanza kulia kweli. Basi wakaongeza sauti.

Singida rejeta ikapasuka. Dereva akafunua boneti, mvuke ukamfukuza, akatuambia dakika kumi. Wote tuliosafiri tunazijua dakika kumi za dereva.

Wale wachuuzi wa Singida wakaja na kuku wao wa kienyeji. Hapa nawaambia jambo ambalo Baba Tumaini analijua: mimi nikiogopa nasikia njaa. Tangu utotoni ni hivyo. Nilipokuwa mgonjwa au nimepigwa na mwalimu, mama alinikorogea uji wa mtama mzito, akautia sukari na ndimu, nami nikaunywa kwenye kikombe changu cha bati cha buluu huku Kapita akisubiri makombo ya sukari chini, na dunia ikarudi mahali pake. Sasa uji wa mama haukuwepo, kulikuwa na kuku. Nilikula paja, nikala kidari, nikanunua paja lingine. Abiria wakaanza kuniangalia. Mfiwa hutakiwa kubembelezwa ale tonge mbili, mimi nilikuwa nalamba mifupa. Mama Salome ikabidi anitetee. "Msiba una njaa yake," akawatangazia, "mwacheni." Nikatamani kuingia chini ya basi na kubaki humo na fundi aliyekuwa anaziba rejeta.

Kahama

Tuliingia Kahama tumechelewa sana hata safari ikasimamishwa mpaka alfajiri. Mama Salome alikataa katakata nilale gesti. Alinipeleka kwake, akanipa maji ya moto na kitanda cha binti yake. Alfajiri akanisindikiza kituoni, akanifunga kitenge cheusi kiunoni kwa mikono yake mwenyewe.

"Ukifika, angalia nje," akanielekeza. "Ukiona viti vimepangwa uani, usijibane. Lia hapo hapo. Kilio kikibanwa kinageuka presha."

Nikamwambia kwamba hatujui bado, labda mama ni mgonjwa tu. Akanitazama kwa huruma iliyonikera kuliko pambio zote. Lakini lazima niseme, tangu nihamie nchi hii sijawahi kutendewa wema na mtu nisiyemjua kama ule, na nikashindwa hata kumkasirikia vizuri.

Rusumo

Hapa mpakani daraja linavuka mto na kila kitu kinageuka. Gari linahamia upande wa kulia wa barabara, na saa inarudishwa nyuma. Watu wengine hufurahia kupewa saa nzima ya bure. Mimi nilipewa saa nzima zaidi ya kuwaza.

Tena hapo ndipo unapojua kwamba mtu aliyeishi ugenini hana mlango wa mbele. Morogoro nikisema neno moja naulizwa kama mimi ni Mrundi. Miaka ile ya kwanza mlinicheka hapa bekari kwa kusema "mkate iko wapi", nikajifunza kusema "uko" na "upo" mpaka nikawazidi wengine. Rusumo nikamsalimia afisa kwa Kinyarwanda cha mama yangu, kwa sauti ya kawaida kabisa ya Morogoro, ambayo kule ni kelele, na foleni nzima ikageuka. Akanijibu kwa Kiswahili, polepole, kama anavyosemeshwa mgeni.

"Karibu Rwanda, mama. Ni mara ya kwanza?"

"Ni kwetu!" nikamjibu. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Akashusha macho, akaona kitenge cheusi, uso wake ukabadilika. Akaniambia "komera", yaani jipe moyo, akanipitisha mbele ya watu wote, na watu wote wakanipisha bila kunung'unika. Hilo ndilo lililoniogopesha. Ningefurahi sana kama mmoja tu angenung'unika.

Kigali

Kituo cha Nyabugogo ninakijua tangu zamani, lakini nilikuwa nimekisahau kwa miguu. Niliambiwa basi la Gisenyi linaondoka saa nane na nusu. Nikaona nina nafasi ya kununua chai, kwa sababu kwa akili zangu za sasa saa nane na nusu ni saa tisa. Niliporudi na andazi langu, basi lilikuwa linakata kona kutoka nje, na mimi nimebaki na begi langu na mkoba mdogo wa mayai ya kuchemsha alionipa Mama Salome. Kijana wa tiketi akanionyesha saa ya ukutani bila neno. Tanzania basi lilinichelewesha kwa kuchelewa, Rwanda likanichelewesha kwa kuwahi, na mimi katikati natukana nchi zote mbili kimoyomoyo.

Nikapata la baadaye. Nikampigia tena Janvier, haipatikani. Simu ya mama, imezimwa.

Kigali hadi Gisenyi

Ndani ya basi lile hakuna aliyeuliza jina langu. Hakuna aliyeniuliza chochote. Mlima unapanda, unashuka, kona inafuata kona, watu wamekaa kimya mikono mapajani. Jana yake nilikuwa nawalaani watu kwa kuniimbia, sasa nikawa nawatamani. Hofu ikanipandisha njaa. Nikatoa yai, nikaligonga kwenye chuma cha kiti, nikaanza kumenya.

Sijui kama nimewahi kuwaeleza. Kwetu mtu mzima hali hadharani, sembuse ndani ya gari. Nimelelewa hivyo, nimechapwa kwa hilo, na Morogoro imenifuta kabisa. Harufu ya yai ikatembea, vichwa vikageuka kimoja kimoja vikarudi. Msichana wa mbele akafungua dirisha. Nikabaki na yai nusu mkononi, siwezi kulimaliza, siwezi kulitupa.

Muzee aliyekaa karibu yangu, mwenye kofia ya kitambaa, mwalimu mstaafu kama alivyonieleza baadaye, akanionea huruma.

"Maliza tu," akasema kwa Kiswahili cha kwetu, kinachowaita watu "batu". "Unatoka mbali?"

"Tanzania, muzee."

"Bon. Unaenda kuona batu?"

"Nimeitwa. Wanasema mbwa ni mgonjwa."

Akatazama nje mpaka tukamaliza kona ile na nyingine. "Mbwa," akasema. "Mi baliniambiaka ng'ombe ilivunjika muguu."

"Kumbe ilikuwa nini?"

"Ilikuwa dada yangu."

Tulipokaribia Musanze simu yangu ikalia, Janvier. Alikuwa Grande Barrière, mpakani, mahali ambapo mitandao ya nchi mbili inagombania simu moja, na sauti yake ilikuja vipandevipande.

"Furaha... umefika wapi?"

"Janvier, niambie ukweli! Mama yuko wapi?"

"Mama?... Mama iko na Kapita."

Ikakatika.

Mama yuko na Kapita. Nimezunguka na maneno hayo kichwani kutoka Musanze mpaka Nyundo. Kwa kuwa nilikuwa nimeshaamua kwamba Kapita ni jina la jambo lisilosemwa, niliona wote wawili wamekwenda huko huko, mbwa ametangulia na mama amemfuata. Nilikuwa nimepiga kelele kwenye simu, basi zima lilisikia. Muzee akavua kofia yake akaiweka magotini. "Ihangane, mutoto yangu," akaniambia, vumilia. Abiria ambao hawakuniuliza kitu tangu Kigali wakaanza, mmoja baada ya mwingine, kugusa bega langu wakiwa wanashuka.

Barabara ilipoteremka baada ya Nyundo ziwa likaonekana, lile ziwa ambalo nikiwa Morogoro nalikumbuka kila ninaposikia harufu ya dagaa wa kukaanga, nikatamani sambaza za mama, wale samaki wadogo anaowakaanga mpaka wanavunjika kama biskuti. Sikuliangalia hata kidogo. Nilikuwa nawaza nitamzika na nguo gani.

Getini

Nyumba yetu iko juu kidogo ya mji, njia ya mawe meusi. Nilipanda na begi kichwani, kitenge cheusi kiunoni. Geti lilikuwa wazi. Uani kulikuwa na viti vya plastiki vimepangwa, na juu ya viti hivyo wamama wa mtaa wamekaa, vichwa vimeinama, kimya.

Nikafanya kama nilivyofundishwa Kahama. Niliangusha begi, nikashika kichwa, nikalia kwa sauti yangu yote. "Mama wee! Mama umeniacha na nani! Mama!"

Lazima mwelewe kwamba kwetu watu hawalii hivyo. Kilio cha Gisenyi ni cha ndani, mtu anaweza kumzika mumewe bila jirani kusikia. Wamama wale walisimama wote kwa mpigo, kiti kikaanguka, mmoja akasema "Yezu wee", mbwa wa mtaa wa tatu wakaanza kubweka. Walikuwa wamekutana kusali sala yao ya kila wiki, na siku hiyo ilikuwa zamu ya nyumba yetu.

Kisha mlango wa kibanda cha nyuma ya jiko ukafunguka na mama yangu akatoka, mzima, ameshika kikombe.

"Furaha?" akasema. "Unalia nani?"

Nikalia zaidi. Akaangalia kitenge cheusi. Akaangalia uso wangu. Kikombe kikamponyoka.

"Nani alikufa? Furaha, sema! Ni mutoto? Mungu yangu, ni Tumaini?" Akakaa chini, pale pale kwenye mawe, mikono kichwani. "Balinificha! Mutoto amekufa balinificha!"

Sasa tukawa wawili tunalia, kila mmoja akimlilia mtu aliye hai mwenye afya yake, na wamama wa sala wamegawanyika, nusu wananishika mimi, nusu wanamshika yeye, na hakuna hata mmoja anayejua aombe kwa ajili ya nani. Ilichukua muda mrefu wa aibu mpaka mimi nikaweza kusema kwamba Tumaini yuko shule, hajambo, na mama akaweza kusema kwamba hakuna aliyekufa nyumba hii, kwamba alishasema, na Janvier aliandika, kwamba ni Kapita.

Na mimi nikacheka. Raha ilinipanda ghafla, nikacheka na kamasi usoni. "Kumbe ni mbwa kweli!" nikasema. "Jamani, kumbe ni mbwa tu!" Wamama nao wakacheka.

Mama hakucheka. Aliokota kikombe, akakipangusa kwa upindo wa kitenge chake, akarudi kibandani akafunga mlango.

Kibandani

Nilimfuata wamama walipoondoka. Kapita alikuwa amelala juu ya gunia, mdomo umekuwa mweupe wote, mbavu zinahesabika. Aliponisikia, mkia uligonga chini mara moja ukatulia. Mama alikuwa anamnywesha uji wa mtama kidogokidogo kwa kijiko. Kikombe chenyewe kilikuwa kile changu cha buluu, na nawaambia kweli, mtu mzima kama mimi, mama wa mtoto, niliona wivu.

"Simu yako umeizima kwa nini?" nikamuuliza. Nilikuwa bado natafuta mtu wa kumlaumu.

"Bale bamama banapiga kila saa. Ningebaambia nini? Eti ninauguza mbwa? Bangenicheka."

"Na Janvier anasema huwezi kuongea!"

"Sikuweza. Nilishikilia kichwa ya Kapita." Akachota kijiko kingine, akangoja mbwa ameze. "Furaha, papa yako alipokufa balikudanganya. Malaria kidogo. Mi nilikuwa pale, nilinyamaza. Ukafika na ile asali yako, ukaniangalia. Ile macho sijaisahau. Nikasema basi, mutoto yangu nitamuambia kintu vile kiko. Kapita iko mugonjwa, nikasema Kapita iko mugonjwa. Ni mbwa yako, ulinipa nikuchungie. Sasa ningesema nini ingine?"

Siku mbili nzima nilikuwa nimewakasirikia watu wote, kondakta, saa, mitandao, pambio, na kumbe yule mmoja aliyeniambia ukweli ndiye niliyekataa kumwamini.

"Na ulisema mbwa tu," akaendelea, bila hasira, na afadhali angekuwa na hasira. "Bon. Tangu uende, asubuhi nikifungua mulango, nani ninamuambia bonjour? Janvier anaenda Barrière mbele ya jua. Ukipigaka simu ni siku ya Mungu, tena unasema una haraka. Ni huyu mbwa tu."

Nililia tena, safari hii kimya kama watu wa kwetu. Niliona aibu na niliona huruma, na sikujua nianze kumwomba radhi nani kati yao. Nikachukua kijiko. Kapita alinusa mkono wangu kwa muda mrefu, akanywa vijiko vitatu vinne, akalala.

Alikufa keshokutwa yake mchana, kichwa kikiwa juu ya mguu wa mama. Janvier alichimba nyuma ya nyumba akilalamikia ardhi ya Gisenyi, maana ukichimba pale kila shepe inakutana na jiwe la volkano. Mama alisimama akimsimamia, akimwambia aongeze kina. Wamama wawili wa sala walipita alasiri hiyo, wakasema wamekuja kumsalimia mgeni. Mmoja alileta maharage yaliyopikwa. Hakuna aliyemtaja mbwa, lakini walikaa na mama mpaka jioni.

Kurudi

Safari ya kurudi sina la kuwaambia. Basi halikuharibika, hakuna aliyeimba, nilikuwa na sambaza za kukaanga kwenye karatasi na sikuzila mpaka nilipovuka mpaka.

Lakini asubuhi ya kuondoka mama alinisindikiza mpaka kituoni, na alipokuwa ananifunga vizuri kitenge, kingine, cha maua, akaniuliza jambo ambalo nadhani alikuwa amelilalia.

"Furaha. Nikisema mbwa, unasikia mama. Siku nitasema ni mi niko mugonjwa, utasikia nini?"

Nikamwambia asimtume Janvier. Siku hiyo apige mwenyewe, nisikie sauti yake.

"Na siku sitaweza kupiga?"

Dereva alikuwa ameshawasha gari, na mnajua wa kule hawangoji mtu. "Basi siku hiyo nitajua, mama," nikamwambia.

"Bon," akasema. "Donc, basi, nitapigaka kila siku."

Sasa mmeelewa kwa nini kila asubuhi, katikati ya kazi, mikono yangu imejaa unga mpaka kwenye viwiko, simu inalia nami naikimbilia, na msimamizi ananifokea, na nyie mnaguna. Nimemwomba apige mchana. Nimemwomba apige jioni nikiwa nimekaa. Hataki, asubuhi ndiyo saa yake ya kufungua mlango. Leo nimepokea kwa kiwiko, unga umeingia hadi sikioni.

"Furaha, bonjour," amesema. "Ni mi. Siko mugonjwa."

Akakata.